Roboti Inakataa Kufunga: Kosa ni la Mchoro, la Kiwanda, au la Mkono Wako?

Roboti ya kugeuka ya daraja la juu, yaani ile sanamu ya kuchezea inayokunjwa kutoka roboti kuwa gari au ndege, haifiki Lubumbashi kirahisi. Mtu amejinyima, amemtumia shemeji aliyeko Dubai au Guangzhou dola zake, boksi limevuka bahari, limepanda lori, limelala Kasumbalesa, na likifika nyumbani Kamalondo au Bel-Air hakuna duka la kulirudishia. Kwa hiyo swali letu la kwanza si la kurudishiwa pesa. Ni hili: tatizo limetoka wapi, na je, linatengenezeka? Nawaandikia watu wazima wanaokaa mezani usiku wakiwa na gari lisilofunga au roboti isiyosimama, wanaotaka kujua kama wamenunua kazi nzuri yenye hitilafu ndogo, au kazi mbovu iliyopakwa rangi ya kuvutia.

Hitilafu huwa na chanzo kimoja kati ya vitatu. Huenda ni mchoro: mhandisi aliweka bawaba mahali pasipofaa, au aliubebesha mgongo uzito usiobebeka. Huenda ni kiwanda: mchoro ni mzuri, lakini pini imeingia kombo, plastiki imepoa vibaya, rangi imepakwa nene. Au ni mkono wa anayegeuza: hatua moja imerukwa, kitu kimelazimishwa.

Ili kuvitenganisha, linganisha kushoto na kulia. Mwili wa roboti nyingi ni nusu mbili zinazofanana. Goti la kulia likiwa legelege na la kushoto imara, usimlaumu mchoraji, kwa sababu alichora magoti yote mawili sawasawa; tafuta kosa kiwandani au katika matumizi. Magoti yote mawili yakiwa yamelegea kwa kiasi kilekile tangu siku boksi lilipofunguliwa, hapo mchoraji ana kesi ya kujibu. Na dalili ikija leo, kesho ikatoweka, keshokutwa ikazuka mahali pengine, chunguza hatua zako kabla ya kitu kingine chochote.

Gari halifungi, paneli zinaacha mianya

Hili ndilo lalamiko ninaloletewa mara nyingi kuliko yote. Mlango umebaki wazi kidogo, boneti imeinuka upande mmoja, paa lina mwanya. Ukibana hapa, kule kunafunguka.

Chanzo cha kawaida kipo ndani, mahali usipopaona. Roboti nyingi za kisasa ni magari ya ganda: ngozi ya nje ni paneli nyembamba, na mwili wenyewe umekunjwa chini yake kama nguo ndani ya sanduku. Kitu kimoja huko ndani kikisimama milimita moja tu juu ya mahali pake, paa haliwezi kushuka. Kijana mmoja wa Katuba aliniletea gari la namna hiyo akiwa amekata tamaa.

"Yaya, hii ya juu inakatala kufunga. Mi nafinya mpaka naogopa kuvunja."

"Usifinye tena. Fungua mpaka kifuani, tuangalie."

Tulimulika kwa tochi ya simu kupitia dirisha la nyuma. Ngumi ya kushoto ilikuwa imeingia vizuri ndani ya mkono, lakini dole gumba lilikuwa limesimama, ncha yake ikigusa paa kwa ndani. Pale lilipogusa, plastiki ilikuwa imeanza kufanya doa jeupe, dogo kama punje ya ulezi. Alilikunja kwa kijiti cha meno, paa likashuka, tik, bila nguvu yoyote.

Basi hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: usisukume ngozi ya nje kamwe. Rudi nyuma hadi kwenye uti wa mgongo, hakikisha kiuno kimekaa, kisha kifua, kisha miguu, na paneli za nje ziwe za mwisho. Angalia hasa vidole, shingo, na zile nyayo zinazogeuka kisigino. Ukikwama kabisa, ifungue tena iwe roboti huku ukijirekodi kwa simu, halafu uifuate video hiyo kinyumenyume. Vitabu vya maelekezo huchora hatua tatu katika picha moja ndogo, na mshale mmoja unaopuuzwa hutosha kuharibu kazi yote.

Ikiwa kila kitu kimekaa na mwanya bado upo, sasa tunaingia kwenye uhandisi wenyewe. Hakuna kipande cha plastiki kinachotoka kwenye kalibu kikiwa na kipimo kamili. Tuseme kila bawaba ina uhuru wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Paneli moja yenye kosa hilo huwezi kuiona. Lakini paa likiwa limeshikwa na mnyororo wa bawaba nane, makosa hayo yakielekea upande mmoja yanakusanyika na kuwa karibu milimita moja, na jicho linaona milimita moja kwenye paa la gari jekundu linalong'aa.

Mhandisi mzuri analijua hilo, kwa hiyo anaweka kufuli njiani: kifua kinajifunga kwenye kiuno, kiuno kinajifunga kwenye mapaja, na kila kufuli inafuta kosa lililotangulia kabla halijarithiwa na hatua inayofuata. Mhandisi dhaifu anaacha kila kitu kining'inie hadi mwisho, akitegemea paneli ya mwisho ikamate kila kitu. Jaribu hivi: simama katikati ya mageuzi, shika roboti kwa kipande kimoja tu, itikise taratibu. Ikiwa sehemu ulizokwisha kuzifunga zinabaki mahali pake, mchoro una kufuli. Ikiwa zote zinaporomoka mkononi, umeshika mchoro unaomdai mnunuzi awe na mikono minne. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kwanza cha ubora, kabla ya rangi na kabla ya ufanano na katuni.

Na wingi wa hatua si ubora. Takara ya Japani ilianza Masterpiece, mfululizo wake wa Transformers za daraja la juu, mwaka 2003 kwa Convoy MP-1 (Convoy ni jina la Kijapani la Optimus Prime, roboti anayegeuka lori), roboti nzito yenye chuma kingi. Mwaka 2011, kampuni ikiwa imeshaungana na Tomy, ilitoka MP-10, roboti yuleyule, ndogo kuliko ile ya kwanza, na mwaka 2019 ikaja MP-44, iliyolenga kufanana zaidi na umbo la kwenye katuni. Kadiri ufanano unavyopanda, paneli huelekea kuongezeka, kwa sababu lori halisi na mwili laini wa katuni havitaki kukaa katika umbo moja. Wapo wengi wanaoipenda MP-10 hadi leo kwa sababu mkono unaweza kuigeuza bila kitabu baada ya kuizoea, nami ninawaunga mkono.

Inaanguka kinyumenyume

Umeisimamisha kwenye kabati, umeondoka, umesikia kishindo. Kabla ya kuamua, iweke roboti juu ya ubao, uinue ubao upande wa mbele polepole, ukiangalia kwa ubavuni. Kuna mambo mawili yanayoweza kutokea, nayo hayana chanzo kimoja.

La kwanza, mwili wote unapinduka ukiwa mkakamavu, viungo havijasogea. Hapo viungo ni vizima. Uzito ndio umevuka nyuma ya visigino. Tazama mgongo: mara nyingi umebeba mbele nzima ya gari, au mabawa, au matairi mawili yasiyo na kazi. Huo ni mzigo uliobaki baada ya mageuzi, na ni mchoro uliouweka pale. La pili, kifundo cha mguu au nyonga inakunjika kwanza, kisha mwili unafuata. Hapo mchoro huenda ni mzuri kabisa, na kinachokosekana ni msuguano katika kiungo hicho. Nenda kwenye dalili inayofuata.

Kwa kosa la uzito, dawa ni chache. Sogeza nyonga mbele kidogo, kunja magoti kidogo, tafuta kama kuna kisigino kinachochomoza kwa nyuma ambacho hukukiona. Usigundishe vyuma ndani ya nyayo kabla hujahakikisha kuwa bado zitaweza kujikunja zikiwa bampa. Wahandisi wenye busara huliona tatizo hili mapema, wakaweka aloi ya zinki kwenye nyayo na plastiki juu. Tofauti ni kubwa: sentimita moja ya ujazo ya plastiki ya ABS ina takriban gramu 1.05, na ya aloi ya zinki ina zaidi ya gramu 6.5. (Zinki ni ileile tunayoijua kutoka Kipushi, humiminwa ikiwa imeyeyushwa pamoja na aluminiamu kidogo, inatoka na umbo safi sana.) Chuma kikiwa chini ni uhandisi. Chuma kikiwa kifuani na mabegani, ili boksi liwe zito mkononi mwa mnunuzi, ni biashara, na viuno vya plastiki ndivyo vitakavyoilipia.

Ukitaka kuona mzigo wa mgongo ukikwepwa kwa akili, tazama ndege ya VF-1 Valkyrie aliyoibuni Shoji Kawamori kwa ajili ya Macross, katuni ya Kijapani ya mwaka 1982. Injini mbili za ndege ndizo miguu. Hazifunikwi, hazifichwi, zinageuka tu kuelekea chini. Kawamori anajulikana kwa kujaribu mageuzi yake kwanza kwa matofali ya LEGO, na inaonekana: swali lake huwa ni kipande hiki kitafanya kazi gani upande wa pili. Ukiwa na roboti yako mkononi, uliza hivyo hivyo kipande kwa kipande. Kipande ambacho katika umbo moja hakina kazi ila kukunjwa na kusahauliwa ni deni la mchoraji. Deni dogo linavumilika. Roboti ambayo theluthi yake inaning'inia mgongoni haivumiliki, hata kama gari lake ni zuri.

Kiungo kimelegea

Hapa usikimbilie gundi. Jua kwanza kiungo ni cha aina gani, maana kila aina inalegea kwa sababu yake.

Kiungo cha skrubu ndicho rahisi. Huenda skrubu imejilegeza tu. Skrubu nyingi za Kijapani zimefuata kipimo cha JIS, yaani viwango vya Kijapani, ambacho njia yake ya msalaba inatofautiana kidogo na ile ya bisibisi ya kawaida ya nyota. Bisibisi isiyofaa hupanda juu na kula kichwa. Chagua inayojaa kichwa bila kucheza, ibonyeze chini kwa nguvu kuliko unavyoizungusha. Unaporudisha skrubu ndani ya plastiki, izungushe kwanza kinyume mpaka uisikie ikishuka kidogo ndani ya njia yake ya zamani, ndipo uikaze. Usipofanya hivyo itakata njia mpya, na baada ya kufunguliwa mara chache tundu litakuwa unga. Kaza mpaka ikatae, kisha uache. Nguzo ya plastiki iliyokazwa kupita kiasi hupasuka kwa ndani, na utaigundua wakati umechelewa.

Kiungo cha gololi kinalegea kwa kulika. Vua gololi, paka utando mwembamba wa gundi nyeupe ya mbao juu yake, iache ikauke kabisa hadi kesho yake, kisha irudishe. Ikizidi, inamenyeka kwa kucha bila kudhuru kitu. Wengi hutumia gundi kali ya papo hapo, nayo inafanya kazi, lakini mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo na kwenye rangi nyeusi, na ukigundisha kiungo kwa bahati mbaya hakuna njia nzuri ya kurudi.

Kiungo cha meno, kile kinachosema krrr unapokisogeza, kikianza kuteleza, fungua uone. Mara nyingine spring imekaa kombo, na ukiirudisha mahali pake kiungo kinapona papo hapo. Mara nyingine meno yenyewe yamelika, kwa sababu yalichorwa madogo mno kwa uzito wanaoubeba. Hapo linganisha tena kushoto na kulia. Pia angalia umbali wa meno: yakiwa mbalimbali mno, mguu unakataa kusimama pale unapoutaka, unaruka kutoka wima kwenda kuinama. Hiyo si hitilafu ya kutengeneza. Ni uamuzi mbaya wa mchoro, na ni haki yako kuuhesabu.

Pini ndiyo inayohitaji heshima. Ni fimbo ya chuma iliyopigwa ndani kwa nguvu, na kwa kawaida ncha moja ina mikwaruzo inayouma plastiki ili isizunguke. Ikiwa kiungo kimelegea kwa sababu pini imetoka kidogo upande mmoja, irudishe kwa kuibana taratibu kwenye jiriwa, kitambaa kikiwa katikati. Ikiwa ni lazima itoke yote, ipige kutoka ncha laini, ili ncha yenye mikwaruzo itangulie kutoka kwa upande iliyoingilia. Ukiikosea, mikwaruzo inapita ndani ya tundu zima na kulipanua, na kiungo hakitarudi kuwa kama kilivyokuwa.

Kuna sababu moja zaidi, ya hapa kwetu. Kuanzia Mei hadi Oktoba Lubumbashi ina vumbi jekundu linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Vumbi hilo ndani ya kiungo ni msasa. Kila ukisogeza, linakula. Roboti iliyokaa wazi kiangazi chote isigeuzwe kabla ya kupigwa brashi laini kavu kwenye kila bawaba. Maji na sabuni ya vyombo ni sawa kwa sehemu za plastiki tupu, si kwa zenye spring na skrubu, wala kwa zenye taa ndani.

Kiungo kimekaza mno, kuna weupe, kuna ufa

Kulegea ni kero. Kukaza ni hatari, kwa sababu kiungo kilicholegea kinasubiri na kilichokaza kinavunjika. Ukihisi upinzani mahali ambapo hatua inadai mwendo, ondoa mkono. Je, kuna kufuli ambayo hukuifungua? Je, kiungo cha upande wa pili kinakaza vilevile?

Weupe kwenye plastiki ya rangi ni ABS ikikuambia kuwa imevutwa kupita uwezo wake. Ndani yake kumefunguka nyufa ndogo mno zinazotawanya mwanga. Zikiwa kuzunguka tundu la pini, na hujailazimisha, basi pini ni nene kuliko tundu, na kosa ni la kiwanda au la mchoro. Kosa la namna hiyo halikusubiri utumie. Linaweza kupasua plastiki roboti ikiwa imelala ndani ya boksi. Ukiuona weupe huo kwenye mabega yote mawili, tafuta namna ya kuipunguza pini mapema badala ya kusubiri.

Usiichukulie kawaida hali ya hewa. Asubuhi za Juni na Julai hapa ni baridi, usiku kipimo hushuka chini ya nyuzi 10, na plastiki baridi haina huruma. Roboti iliyolala kwenye chumba cha sementi iache ipate joto kwanza. Kiungo kigumu sana kipulizie mashine ya kukaushia nywele kwa umbali, plastiki iwe ya vuguvugu, isiwe ya moto. Sehemu laini za PVC zilizopinda, kama panga au mabomba, huwekwa kwenye maji ya moto kidogo, zinanyooshwa, kisha zinatiwa kwenye maji baridi zishike umbo.

Mafuta ni mtego. Yale ya kopo yanayopuliziwa bawaba za milango, na mafuta ya mashine kwa jumla, yanaweza kupasua plastiki iliyo chini ya mvutano, hasa ile ya kioo, polikaboneti. Tumia mafuta ya silikoni tupu, tone kwa ncha ya sindano. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha isikaribie kabisa: inayeyusha ABS.

Hapa pia ndipo unapoweza kumpima mhandisi kwa vifaa alivyochagua. Plastiki inayopitisha mwanga ni ngumu lakini haipendi pini. Anayepitisha pini ndani ya kioo cha dirisha ili kioo hicho kiwe ndiyo bawaba, amejua kuwa kitapasuka. Kinyume chake, ukiona kiungo kidogo cha kijivu kisichopakwa rangi, chenye utelezi kama nta, shangilia. Huenda ni POM, plastiki inayostahimili kusuguana miaka mingi. Haishiki rangi wala gundi, ndiyo maana imeachwa uchi. Mchoraji amekubali doa la kijivu ili kiungo kidumu, na mimi namvulia kofia. Ila ikivunjika, gundi haitasaidia. Toboa pande zote mbili kwa keekee nyembamba, upitishe waya wa chuma katikati.

Kwa wanaonunua za zamani: plastiki ya dhahabu yenye chembe zinazometameta, hasa ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na ya 1990, ina ugonjwa unaojulikana. Inameguka kama biskuti kavu, hata ile isiyowahi kutoka kwenye boksi. Hakuna dawa. Usiigeuze, na usiinunue kwa bei ya nzima.

Rangi, kromu, na umanjano

Rangi ikikwaruzika mahali palepale kila ukigeuza, kuna paneli mbili zinazopitana bila nafasi ya kutosha. Mchoraji alisahau kuwa rangi nayo ina unene. Bandika kipande cha utepe laini kwenye ukingo unapogeuza. Kromu ya plastiki ni utando mwembamba mno wa aluminiamu iliyovukizwa. Jasho la vidole na spiriti huiondoa, kwa hiyo kitambaa kikavu tu. Umanjano kwenye plastiki nyeupe mara nyingi huletwa na jua. Kabati lisitazame dirisha. Peroksidi ya hidrojeni pamoja na mwanga inaweza kuurudisha weupe, lakini umanjano hupenda kurejea.

Inageuka yenyewe, na imekwama katikati

Ziko chache za aina hii. Optimus Prime ya Robosen, iliyotangazwa mwaka 2021, ina mota 27 za servo, yaani mota ndogo zinazosogeza viungo, na inasikiliza amri ya sauti. Kwa umeme wetu unaokatika, chunguza kwanza betri: ichaji ijae kabla ya kuilaumu. Iweke kwenye meza bapa, ngumu, si kwenye kitambaa wala zulia. Na usimalizie hatua kwa mkono. Gia ndogo za ndani hazikutengenezwa kusukumwa kutoka nje.

Kila kitu kina kasoro kidogo: huenda ni nakala

Mara nyingine hakuna dalili moja kubwa. Kila ulimi, yaani kile kijino kinachoingia kwenye tundu ili kufunga, unaingia bila kushika, kila kiungo kiko nusu, maandishi kwenye mwili yamefifia kama yamepitiwa na moshi. Angalia ndani ya paja au chini ya unyayo: zile halisi huwa na chapa ya mwenye haki, ndogo na kali. Nakala nyingi huifuta, na kufuta huko huacha bonde laini.

Sababu ya ulegevu huo ni ya kihandisi. ABS husinyaa inapopoa, takriban sehemu 4 hadi 7 kwa elfu. Anayepima kipande halisi na kuchonga kalibu kwa vipimo hivyohivyo, bila kuongeza fidia ya kusinyaa, anapata kipande kidogo kuliko cha asili. Na kwa kuwa vipande vyote havisinyai sawasawa, ulimi na tundu lake havikutani tena.

Nakala zilizokuzwa zina shida nyingine, na ndizo zinazowavutia watu wengi sokoni kwa sababu ni kubwa kwa bei ndogo. Ukiizidisha roboti urefu mara 1.5 kila upande, uzito wake unaongezeka karibu mara 3.4, lakini eneo la kusuguana ndani ya viungo linaongezeka mara 2.25 tu. Na mkono mrefu zaidi unavuta bega kwa nguvu zaidi. Nyonga zilizokuwa imara katika ile ndogo zinakuwa hoi katika ile kubwa, bila mtu yeyote kubadilisha mchoro. Hapo mchoraji wa asili hana kosa hata kidogo. Kazi yake imepelekwa kwenye ukubwa ambao hakuukusudia. Wapo watengenezaji wa nakala wanaoongeza viungo vya meno ili kufidia. Wakifanya hivyo vizuri, niseme wazi kuwa wamefanya uhandisi, ingawa umbo si lao.

Kwa hiyo kabla shemeji hajalipa, mpe kazi ya kufanya palepale dukani, simu ikiwa inarekodi. Afungue boksi. Aisimamishe roboti bila silaha, kisha na silaha. Anyanyue mikono yote miwili mlalo, aiache, uone kama inashuka na kama inashuka sawa. Apige picha ya mgongo, ya ndani ya mapaja, na ya kila tundu la pini mabegani kwa karibu, tochi ikiwashwa kwa ubavu ili weupe uonekane. Aigeuze nusu tu, aitikise. Muuzaji akikataa kufungua boksi, aombe kuona nyingine ya aina hiyohiyo iliyokwisha kufunguliwa. Na kama haipo, aende duka la pili.